Mikono ilale, isishikilie: kuchagua na kufunga eroba kwenye baiskeli ya triathloni

Mimi ni mshonaji. Nina cherehani mbili hapa Kilifi mjini, na asubuhi za Jumamosi na Jumapili kabla ya kufungua duka huwa niko juu ya baiskeli, nikielekea Malindi. Nilianza triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli kisha kukimbia, nikiwa na miaka 38. Mwaka huu vijana watatu wa hapa wamenijia kwa nyakati tofauti, kila mmoja na eroba zake mkononi, na wote watatu walikuwa wamenunua kabla ya kupima. Nayaandika hapa ninayoyajua ili atakayefuata aje akiwa ameshapima.

Kwa asiyezijua, eroba ni vibebeo vya mikono vinavyofungwa juu ya usukani. Kuna mito miwili ya kulazia mikono karibu na viwiko, na mabomba mawili yanayotokeza mbele, ambayo mtu huyashika kwa vidole tu. Mwendeshaji analala mbele, mikono ikiwa ndani ya upana wa mabega, na upepo unampita juu na pembeni. Baiskeli za triathloni hutoka kiwandani zikiwa nazo. Wengi wetu tuna baiskeli za kawaida za mbio, zenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo, na eroba twazifunga wenyewe kwa vibano. Hizi za kubana ndizo nitakazozieleza, lakini kwenye kupima mkao hakuna tofauti: mwenye baiskeli ya triathloni atafuata yale yale.

Kabla ya kutaja hata bolti moja, nakuomba ulikubali jambo hili. Eroba inakufaa kwa dakika zile tu unazoweza kukaa ndani yake. Nimeona watu wameshusha mito chini kabisa, wakapigwa picha wakapendeza, kisha kilomita ya 15 wameinuka na kushika usukani wa kawaida hadi mwisho. Hao wamebeba chuma cha bure. Suti ikimkaa mteja vizuri akiwa amesimama mbele ya kioo na asiweze kuinua mkono kusalimia, mimi huirudisha mezani. Ndivyo ninavyouangalia mkao wa baiskeli.

Faida yenyewe ni kubwa. Kwenye barabara tambarare hewa ndiyo inayokula sehemu kubwa ya nguvu za miguu, na kinachoizuia hewa hasa si baiskeli, ni mwili: kifua, mabega, kichwa. Ukitoka mwendo wa kilomita 30 kwa saa hadi 33, nguvu ya kuikata hewa hupanda kwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo kuupunguza mwili mbele ya upepo ni mwendo unaoupata bila kuongeza pumzi. Na katika mashindano mengi ya triathloni ya watu wa rika zetu huruhusiwi kujificha nyuma ya mwenzako, upepo wote ni wako. Mwaka 1989, siku ya mwisho ya Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, Greg LeMond wa Marekani alikuwa nyuma ya Laurent Fignon wa Ufaransa kwa sekunde 50, na zilibaki kilomita 24.5 tu kutoka Versailles hadi Paris. LeMond alifunga eroba, kifaa ambacho watu wa triathloni walikuwa tayari wanakitumia. Fignon alikwenda bila. LeMond akalichukua taji kwa sekunde 8. Najivunia sana kwamba kifaa kile kilitokea upande wetu.

Sasa tupime. Cha kwanza ni unene wa usukani, pale karibu na katikati unaposhikwa na shingo yake, kwa sababu vibano vitakaa hapo. Huhitaji kifaa cha fundi, utepe wa mshonaji watosha. Zungusha utepe ukibane usukani mtupu, bila utepe wake wa kufungia. Ukisoma sentimita 10 kamili, usukani wako una kipenyo cha milimita 31.8, ambacho ndicho cha baiskeli nyingi za siku hizi. Ukisoma 8.2 hivi, ni milimita 26, wa baiskeli za zamani. Ukisoma 8, ni 25.4. Eroba za 31.8 huweza kufungwa kwenye usukani mwembamba kwa kuwekewa vipande maalumu vya kujazia, lakini uhakikishe vimo ndani ya boksi. Mimi mara ya kwanza niliuziwa dukani za 26 nikiwa na usukani wa 31.8, nikaambiwa "zitaingia tu". Hazikuingia, na nauli ya kurudi Mombasa nililipa mwenyewe.

Kisha tazama ule unene unafika wapi. Usukani mwingi ni mnene katikati, halafu unapungua kuelekea pembeni. Unahitaji sentimita 4 au 5 za unene ule ule kila upande wa shingo. Usukani ulio bapa juu kama ubao haushikiki na vibano vya duara, na hapo hakuna ujanja, ama ubadilishe usukani ama uache. Wa kaboni una sharti jingine: soma maelezo ya aliyeutengeneza kama unaruhusiwa kubanwa eroba. Kaboni ikibanwa mahali ambapo haikujengwa kubanwa huvunjika ndani bila kuonyesha nje, kisha siku moja inakuachia ukiwa kwenye mteremko.

Kwenye kuchagua, mimi sitazami uzito wala rangi. Natazama ni vitu vingapi vinasogea. Eroba nzuri kwa mtu anayeanza ni ile ambayo mito yake inasogea ndani na nje, mbele na nyuma, inainuka kwa vipande vya kuongezea chini yake, na mabomba yake yanavutika na kuzungushwa. Zile zilizounganishwa kuwa kitu kimoja, bei yake ni ndogo na zinavutia, lakini zimeshonwa kwa mwili wa mtu mwingine. Chukua za alumini. Ni nzito kidogo kuliko kaboni, ila hukatwa kwa msumeno wa kawaida wa chuma na husamehe mkono usiozoea kukaza.

Umbo la mabomba ni suala la kifundo cha mkono. Yapo yaliyonyooka kabisa, yapo yanayopanda kidogo mwishoni, na yapo yaliyojipinda juu kama ncha ya jambia. Keti mezani, weka viwiko juu ya meza, nyoosha mikono mbele na ufumbe vidole bila kukaza. Ngumi zako zitasimama zikiwa zimeinuka kidogo. Chagua bomba linaloufuata mkono ulivyosimama pale. Yaliyonyooka yanafaa ukiyainua kwa mshazari, lakini ukiyalaza sawa na ardhi yatakukunja kifundo na ganzi itafuata. Kwa vikombe vinavyobeba mito, napenda vipana vyenye kuta zinazoukumbatia mkono. Barabara zetu zina viraka, na mkono ukirushwa unahitaji pa kurudi.

Kuna mito yenye springi, inayojikunja juu usipoitumia ili ushike sehemu ya katikati ya usukani wakati wa kupanda. Inasaidia kwenye milima, ila kelele yake kwenye lami mbovu mimi sikuiweza.

Watu huanza kufunga eroba. Anza na kiti. Baiskeli ya kawaida ya mbio imejengwa ili ukae nyuma kidogo ya pedali. Ukilala mbele bila kukisogeza kiti, mapaja yanakuja kugonga tumbo kila pedali inapofika juu, nyonga zinabanwa, na ukishuka kwenda kukimbia miguu inakataa. Baiskeli za triathloni huliepuka hilo kwa nguzo ya kiti iliyosimama wima zaidi, kiasi cha digrii 76 hadi 80 badala ya 73 hivi. Sisi tunakikaribia kipimo hicho kwa kusogeza kiti mbele kwenye reli zake. Funga nati kwenye uzi, uning'inize kutoka ncha ya kiti kama timazi ya mwashi, na upime kutoka kwenye uzi hadi katikati ya ekseli ya fremu, ile ambayo mikono ya pedali inaizunguka. Kwangu ncha ilikuwa sentimita 6 nyuma ya ekseli, nikaisogeza hadi ikabaki 2 na nusu. Usipite alama za mwisho zilizochorwa kwenye reli. Na kila sentimita 3 unazokwenda mbele, inua kiti kwa karibu sentimita 1, maana umekisogeza karibu na pedali bila kujua. Ncha ya kiti mimi naishusha kidogo sana, kiasi cha kuiona kwa pimamaji tu. Ikielekea chini mno utakuwa unateleza mbele na kujirudisha nyuma safari nzima.

Kiti kikishatulia, fungua utepe wa usukani upande wa katikati, safisha chuma kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe, na uache kikauke. Mafuta yasiguse pale kibano kinaposhika. Grisi kidogo ni ya nyuzi za bolti tu. Bolti hizi nyingi hufunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 4 au 5. Weka vibano viwili kwa umbali sawa kutoka kwenye shingo, pima kwa utepe kila upande, kisha kaza kwa zamu, huku robo mzunguko, kule robo mzunguko, kama unavyofunga nati za gurudumu la gari. Mwanya kati ya nusu mbili za kibano ubaki sawa juu na chini. Nguvu ya kukaza imeandikwa kwenye kibano chenyewe, kwa kawaida Nm 5 au 6. Spana ya kupimia nguvu hiyo niliazima kwa fundi wa pikipiki mara mbili kabla ya kununua yangu. Kwa kaboni usikaze bila hiyo, na upake ule mchanganyiko wenye chembechembe unaoongeza mshiko.

Sasa mkao, na hapa usiharakishe. Mimi nilitumia jioni tatu. Nina stendi inayoshika gurudumu la nyuma. Usipokuwa nayo, egemeza baiskeli mlangoni na mtu mwingine aishike imara. Binti yangu alinipiga video kwa simu akiwa ubavuni, kamera ikiwa usawa wa nyonga yangu, dakika moja moja baada ya kila badiliko. Ilinishangaza jinsi nilivyojihisi nimelala sana huku picha ikionyesha nimekaa kama mtu aliye kwenye matatu.

Anza juu. Weka vipande vyote vya kuinulia ili mito iwe karibu usawa mmoja na kiti. Baada ya wiki mbili tatu za kuzoea, toa kipande kimoja, kiasi cha nusu sentimita au moja, kisha ukae nacho tena wiki kadhaa. Mimi nimeishia sentimita 4 chini ya kiti na sijaona sababu ya kushuka zaidi. Shingo yangu huinama juu ya cherehani siku sita kwa wiki, haina akiba ya kupoteza barabarani.

Mto hauwekwi chini ya ncha ya kiwiko. Unawekwa mbele yake kidogo, pale nyama ya mkono inapoanza kunenepa, na kiwiko chenyewe kibaki kikining'inia nyuma ya mto. Katika video, mkono wa juu kutoka begani hadi kwenye kiwiko uteremke karibu wima, ukielekea mbele kidogo tu, na kiwiko kikunjike kiasi cha pembe mraba au zaidi kidogo. Ukiwa hivyo, uzito wa kifua unashuka kupitia mifupa hadi kwenye mto, na misuli inapumzika. Jaribio langu ni hili: ukiwa unapiga pedali, fungua vidole vyote kwenye mabomba. Ukibaki pale pale, umepata. Ukianza kuteleza mbele, ulikuwa unashikilia, na kilomita 90 za kushikilia hazivumiliki.

Upana uanze viwiko vikiwa chini ya mabega. Kuviingiza ndani kunapunguza upepo, lakini kunaweza kubana kifua na kuufanya usukani uwe mwepesi kuyumba. Vuta pumzi ndefu mara tano ukiwa umelala. Ikiwa ya tano haiingii kama ya kwanza, tanua mito.

Mabomba yainue digrii 10 hadi 15 mbele, ili mikono iwe na mteremko wa kukurudisha nyuma. Urefu wake uwe vidole vinaikumbatia ncha bila bega kuvutwa. Hapa ndipo vijana wanapokata mapema. Kitambaa kikishakatwa hakirudi, na bomba ni vivyo hivyo. Endesha wiki tatu mabomba yakiwa marefu, chora alama, ongeza sentimita 2 juu ya alama, kisha kata. Lainisha ukingo kwa tupa na uzibe ncha kwa vizibo. Bomba lililo wazi ni kisu ukianguka, na wakaguzi wa mashindano watakuzuia kabla hujaingia majini. Kanuni nyingine pia uzisome mapema, maana mashindano yanayoruhusu watu kufuatana gurudumu kwa gurudumu yana masharti yake juu ya eroba.

Mwili utakwambia palipokosewa, na mara nyingi kosa halipo panapouma. Mabega na nyuma ya mikono ya juu vikichoka, mito iko mbali mno, irudishe. Ukijikuta unasogea hadi ncha ya kiti kila dakika, usiilaumu ncha, mwili unakimbilia mbele kwa sababu kiti kiko nyuma au mito iko mbali. Shingo ikiuma kwa nyuma, inua mito kabla ya kununua dawa ya kuchua. Ganzi ya vidole vidogo viwili hunipata kiwiko kikigandamiza ukingo wa mto, na kusogeza mto sentimita 1 kuliimaliza.

Siku ya kwanza barabarani nenda mahali patupu. Mimi huwa natoka saa kumi na mbili asubuhi, napita Tezo nikiwa bado nimeshika usukani wa kawaida, na nalala kwenye eroba baada ya Matsangoni, barabara ikishatulia. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, kwenda Malindi ni raha na kurudi ni kazi. Upepo unakujia kifuani kutoka Gede hadi nyumbani. Hapo ndipo nilipoamini. Safari ile ile ambayo ilikuwa ikinimaliza mikono na mgongo, sasa naimaliza nikiwa na miguu ya kukimbia.

Lakini ujue umejitenga na breki. Vidole vyako viko sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye breki, na usukani unageuka kwa mabega. Usilale kwenye eroba ukiwa kundini, kwenye matuta, mjini kwenye bodaboda na tuktuk, wala lori likikupita. Juu ya Daraja la Kilifi mimi huinuka kila mara, hata pakiwa shwari, kwa sababu upepo wa ubavuni hutoka ghafla kwenye hori ukaisukuma baiskeli hatua nzima. Kupanda pia inuka. Mwendo ukishuka chini ya kilomita 20 kwa saa hewa haikudai tena kiasi hicho, na mapafu yanataka nafasi.

Baada ya kilomita 50 za mwanzo rudia kukaza kila bolti. Eroba zangu ziliwahi kuinama mbele ghafla nilipoingia shimoni karibu na Roka, kwa sababu sikurudia. Tangu siku hiyo nachora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye kibano hadi kwenye usukani. Kitu kikisogea hata milimita moja, mstari unakatika na jicho linaona kabla ya mkono kuhisi.

Kwenye ukurasa wa daftari langu la wateja kuna vipimo vyangu mwenyewe: urefu wa kiti, ncha hadi kwenye uzi, mto hadi kwenye mto, kimo cha mto kutoka sakafuni, ncha ya bomba hadi kwenye ncha ya kiti. Nilivihitaji sana nilipokwenda Rubavu, Rwanda, kwenye Ironman 70.3, kuogelea kilomita 1.9 katika Ziwa Kivu, baiskeli 90 na kukimbia 21.1. Baiskeli ilisafiri ndani ya boksi, eroba zimefunguliwa na kufungwa kwenye leso. Jioni ya kuamkia mashindano niliketi sakafuni na utepe wangu wa kazini, nikakirudisha kila kipande kwenye namba yake na kwenye mstari wake wa rangi ya kucha, nikakaza kwa zamu, kisha nikapanda, nikalala mbele na kufungua vidole vyote. Nilibaki pale pale.